Eliakimu na Mfuko Ulioshonwa

Kila asubuhi Eliakimu Ndahani alifanya mambo matatu kabla ya kwenda sokoni. Alikunywa chai ya rangi yenye sukari nyingi. Alivuta sigara moja akiwa amesimama mlangoni. Halafu alivaa koti la marehemu kaka yake, hata siku za joto kali, na kutia bambo kwenye mfuko wa nje.

Koti lilikuwa la kahawia, nalo lilimpwaya mabegani. Kaka yake, Marko, alikuwa mtu wa mwili. Alipofariki, wazee wa ukoo walimkabidhi Eliakimu koti hilo pamoja na bambo. Yeye ndiye aliyemfuata Marko kwa kuzaliwa, na ndiye aliyemfuata katika kazi ya udalali tangu ujana wao. Sasa ilikuwa imepita miaka miwili tangu msiba.

Kama hujafika soko la mahindi la Kibaigwa, huenda hulijui bambo. Ni chuma kifupi chenye ncha, chenye uwazi ndani. Dalali hulichoma kwenye gunia, hulizungusha, kisha hulichomoa likiwa na punje chache. Hana haja ya kufungua gunia zima. Huziangalia punje hizo, huzinusa, hutafuna moja. Ikilia kwenye meno, mahindi yamekauka. Ikibonyea, mahindi ni mabichi na yataoza ghalani. Eliakimu alikuwa fundi wa kazi hiyo. Wanunuzi kutoka Dar es Salaam walimtafuta kwa jina.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, alikuwa anapima mzigo wa magunia sitini. Hasani, mpakizi wa malori, alikuwa amesimama karibu naye akisubiri kuanza kubeba. Eliakimu alichoma gunia la tatu, akachomoa bambo. Likamponyoka mkononi.

Akainama kuliokota. Vidole vya mkono wa kulia vililigusa, lakini havikulishika. Alijaribu tena. Vilikuwa vidole vyake, anaviona, ila havikumsikia.

Akaokota punje moja kwa mkono wa kushoto, akaitia mdomoni. Alifanya hivyo ili mnunuzi asishtuke.

"Mzee, mahindi yanadondoka," Hasani alisema.

Punje ilikuwa imetoka upande wa kulia wa mdomo, na mate yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni. Eliakimu hakuwa amehisi chochote. Alitaka kujibu, lakini maneno yalitoka mazito, yamepinda. Mnunuzi akacheka.

"Dalali, leo umeanza mapema," alisema. Alidhani ni pombe.

Eliakimu akakaa juu ya gunia. Alijua kitu kimoja ambacho wale wengine hawakukijua. Kwa Marko pia, kitu cha kwanza kuponyoka kilikuwa kijiko cha uji.

Zikapita kama dakika kumi. Vidole vikaanza kucheza. Mdomo ukarudi mahali pake. Akasema neno moja polepole, kulijaribu. Likatoka sawasawa.

"Hasani," alisema. "Ulichokiona kiishie hapa."

"Mzee, twende kituo cha afya."

"Ni njaa tu. Sijala tangu jana."

Akainuka na kuondoka sokoni kwa haraka. Bambo lilibaki pale chini kwenye vumbi.

Nyumbani, Lea mke wake alikuwa jikoni. Alikuwa anapika mlenda, na alikuwa ametia magadi mengi, kwa sababu Eliakimu hapendi mlenda usio na magadi. Alishangaa kumwona mume wake saa tano mchana.

"Baba Anitha, kuna nini?"

"Shingo imekaza. Nikande."

Lea hakuuliza zaidi. Katika nyumba ile, shingo ikikaza ilikandwa, na mkono wa Lea ulisifiwa mtaa mzima. Alipasha mafuta ya alizeti, akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akamketisha mume wake kwenye kigoda. Eliakimu alikataa kuvua koti. Alilishusha tu mabegani. Lea alizoea. Koti lile halikuwahi kufuliwa na mtu mwingine, na mfuko wake wa ndani ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa magunia. Lea aliwahi kuuona mshono huo. Alidhani ndani kuna dawa ya mganga, akaona aibu kuuliza, maana mume wake ni mzee wa kanisa.

"Kaza mikono," Eliakimu alisema. "Hapa pembeni ya koo. Kaza kabisa."

Lea alikuwa ndiyo kwanza ameweka vidole pale aliposikia hodi. Jirani yao, Bibi Mwantum, aliingia akiwa amebeba ungo alioazima. Mwantum ni Mrangi wa Kondoa. Alikuwa nesi kwa miaka thelathini, na sasa amestaafu. Sauti yake ni kubwa, kwa kuwa miaka yote hiyo alizungumza juu ya vilio vya watoto wa chanjo.

"Lea, toa mikono hapo," alisema, hata kabla ya kuweka ungo chini.

"Shikamoo, dada. Namkanda tu, shingo imekaza."

"Marahaba. Toa mikono kwanza. Mtu wa umri huu hakandwi pembeni ya koo kwa nguvu. Eliakimu, shingo imeanza kukaza lini?"

"Leo."

"Kuna kitu kingine? Mkono? Mdomo? Maneno?"

"Hakuna," Eliakimu alijibu.

Alidanganya huku anamtazama usoni. Mtu akiogopa sana hudanganya hata anayetaka kumwokoa. Mwantum alimtazama, akaweka ungo chini. Huenda mambo yangeishia hapo, tena yangeishia vibaya. Lakini mlango uligongwa tena. Alikuwa Hasani, anatweta, mkononi ameshika bambo.

"Shikamoo, mzee. Umesahau bambo lako."

Lea alikaa na dalali miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo mume wake aliwahi kusahau kofia, simu, na siku moja alisahau hata mtoto kanisani. Bambo hajawahi kulisahau.

"Hasani mwanangu," Lea aliuliza polepole, "sokoni kumetokea nini?"

Hasani alimtazama Eliakimu. Halafu alitazama chini.

"Mama, bambo lilimponyoka. Mdomo ukapinda. Maneno yakawa kama ya mlevi. Baada ya muda yakaisha. Mzee alinikataza kusema."

Lea alikaa chini sakafuni.

"Kama Marko," alisema.

Mwantum hakupoteza muda. Alikwenda nyumbani kwake mbio akarudi na kipimo cha presha. Akamfunga Eliakimu mkononi, akasubiri, akasoma. Akapima mara ya pili.

"Mia na themanini na nane kwa mia na nane," alisema. "Hii iko juu sana. Dawa zako za presha ziko wapi?"

"Niliacha. Nilikuwa sijisikii kuumwa."

"Presha haiumi, Eliakimu. Ndiyo ubaya wake." Akavuta stuli, akaketi mbele yake. "Sasa nisikilize. Weka vidole viwili hapa pembeni ya koo. Polepole, usibonyeze. Unasikia kinavyodunda?"

"Nasikia."

"Huo ni mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo. Upo mmoja kila upande. Presha ikikaa juu miaka mingi, na sigara ikaongezeka, ukuta wa mshipa unachakaa. Ndani panajengeka utando wa mafuta. Siku moja damu inaganda juu ya utando, kipande kinameguka, kinabebwa hadi kwenye ubongo. Kikinasa huko, mkono unalegea na mdomo unapinda. Leo inaelekea kilinasa kidogo kisha kikapita. Kesho kinaweza kunasa na kisipite."

"Lakini nimepona, dada."

"Hujapona. Umepigiwa hodi. Kiharusi kidogo kama hiki kinaweza kufuatwa na kikubwa, tena ndani ya siku chache. Hapa hatusubiri jioni. Tunakwenda kituo cha afya sasa hivi."

"Nimpe aspirini kwanza?" Lea aliuliza. "Ninazo hapa."

"Usimpe. Kuna kiharusi cha mshipa kuziba na kuna cha mshipa kupasuka. Kwa nje vinafanana. Ukimpa aspirini aliyepasukiwa, unaongeza kuvuja kwa damu. Hospitali watapiga picha ya kichwa ndipo wajue. Kisha watampima shingo kwa mashine."

Eliakimu alisimama ghafla. Kigoda kikaanguka.

"Shingo sipimwi," alisema. "Kichwa wapime. Damu watoe. Shingo yangu hakuna atakayeigusa kwa mashine."

"Kwa nini?"

Hakujibu yeye. Alijibu Lea, kwa sauti ndogo.

"Marko alitoka Dodoma mjini Jumatatu. Akatuambia walimpima shingo. Alhamisi tukamzika."

Ukoo mzima wa akina Ndahani ulijua habari hiyo hivyo. Mashine ilibonyezwa shingoni, na siku tatu baadaye mtu hakuwepo. Mnyama huchinjwa shingoni, wazee walisema, na Marko naye alianzia shingoni. Hakuna aliyewahi kubisha.

Mwantum hakubisha pia. Alisema tu, "Twende kwanza kituo cha afya. Ya shingo tutayajua huko mbele."

Kituo cha afya kiliandika rufaa palepale. Saa tisa alasiri Eliakimu alikuwa ndani ya gari la wagonjwa kwenda Dodoma mjini, Lea upande mmoja, Mwantum upande mwingine. Njia nzima alikuwa anakunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia. Kila alipokunja, aliogopa kwamba safari hii havitakunjuka.

"Dada," alisema walipopita Chamwino. "Dalali akikosa mdomo na mkono, anabaki na nini?"

Mwantum alimshika ule mkono, akakaa nao hadi mjini.

Hospitali kubwa walimpokea haraka. Walimpiga picha ya kichwa. Damu haikuwa imevuja, hivyo wakamwanzishia dawa. Walimpima sukari, mafuta ya kwenye damu, na moyo. Yote hayo aliyakubali. Alilazwa na koti lake. Nesi wa wodi alijaribu kulichukua, akashindwa.

Asubuhi iliyofuata waliitwa kwenye chumba cha ultrasaundi. Watu walikaa kwenye benchi, wanasubiri. Mlango ulikuwa mweupe. Kila ulipofunguka, Eliakimu alichungulia. Aliona kitanda, taa hafifu, na kioo chenye mwanga wa kijivu.

"Eliakimu Ndahani," mtu aliita kutoka ndani.

Eliakimu alisimama. Akageuka, akaanza kutembea kuelekea kwenye geti la nje.

Lea alimkimbilia, akamshika koti. "Baba Anitha, unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Utakufa njiani."

"Bora njiani."

Watu wa kwenye benchi waliinua macho. Lea hakujali. Alikuwa mwanamke mpole miaka yote ishirini na sita, na pengine upole huo alikuwa anautunza kwa ajili ya siku hii ya kuutupa.

"Nieleze unachokiogopa," alisema. "Unieleze mimi, hapahapa. Nikikuzika, nikuzike nikijua."

Polepole Eliakimu alifungua koti. Akaonyesha mfuko wa ndani, ulioshonwa kwa uzi wa magunia.

"Karatasi ya Marko imo humu," alisema. "Niliikuta siku niliyokabidhiwa koti. Niliona juu yake picha ya shingo, nyeusi na nyeupe. Sikuifungua. Nilishona mfuko siku ileile. Nilisema, humu ndani kimeandikwa kifo cha kaka yangu. Nikikisoma kitaniona na mimi."

"Mimi nilidhani ni hirizi," Lea alisema.

"Afadhali ingekuwa hirizi."

Mwantum alikuwa amewafikia. Akatoa mkasi mdogo kwenye mkoba wake. "Naomba nikate," alisema. Eliakimu alifumba macho. Uzi wa magunia ni mgumu. Ulikatika mshono kwa mshono, na kila sauti ya mkasi ilimshtua.

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne. Upande wa mbele palikuwa na maandishi ya Kiingereza na picha ya kijivu. Mwantum alitaka kuisoma, lakini Lea aliishika kwanza. Lea alikuwa anahudhuria darasa la kisomo kanisani tangu Pasaka. Kiingereza hakukijua. Tarakimu alizijua.

"Hapa juu ni tarehe," alisema. "Kumi na nne, mwezi wa tatu."

Akainua uso.

"Baba Anitha, Marko tulimzika mwezi gani?"

"Mwezi wa kumi na moja. Mvua za kwanza zilikuwa zinaanza."

"Basi hakupimwa Jumatatu ile. Alipimwa mwezi wa tatu wa mwaka huohuo. Miezi minane kabla."

Eliakimu alifumbua macho. Aliisogeza karatasi karibu, akaitazama ile tarehe yeye mwenyewe. Yeye ni mtu wa tarakimu. Angeweza kuisoma siku yoyote katika miaka hii miwili.

Lea aligeuza karatasi. Nyuma palikuwa na maneno machache ya kalamu ya wino, ya Kiswahili. Alianza kuyasoma kwa kidole, silabi moja moja, kama alivyofundishwa.

"Mzee... Ma-rko. Me-za da-wa hi-zi ki-la si-ku. A-cha si-ga-ra. Ru-di ba-a-da ya mwe-zi m-mo-ja. U-si-ko-se."

Chini ya maneno hayo daktari alikuwa amebandika cheti cha dawa. Cheti kilikuwa kizima. Hakikuwa na muhuri wa duka lolote la dawa.

"Hakununua hata kidonge kimoja," Mwantum alisema. "Na hakurudi."

"Kwa nini hakutuambia?" Lea aliuliza.

Eliakimu ndiye aliyejibu. Alikuwa analia, na hakujificha.

"Aliogopa. Ile Jumatatu alisema walimpima shingo. Hakusema lini, na sisi hatukumuuliza. Mashine haikumuua kaka yangu. Alikaa na karatasi mfukoni miezi minane. Mimi nimekaa nayo miaka miwili."

Mlango mweupe ulifunguka. "Eliakimu Ndahani yupo?"

"Nipo," alisema. Mara hii aligeukia upande wa mlango.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mtoto wao, Anitha. Aliitwa Joha.

"Shikamoo, baba. Lala hapa. Mama na bibi wanaweza kukaa."

"Marahaba, mwanangu. Utanichoma?"

"Sichomi. Sikati. Nitapaka ute wa baridi, halafu nitapitisha hiki kifaa juu ya ngozi. Hakina miale. Kinatuma sauti ambayo sikio halisikii, na sauti ikirudi inachora picha. Ni mashine ileile ya wajawazito."

Ute ulikuwa baridi kweli. Eliakimu alishika mkono wa Lea hadi vidole vikamuuma mwanamke wa watu. Kifaa kilipita chini ya taya, taratibu. Halafu chumba kikajaa sauti: *fuu, fuu, fuu.*

"Nini hicho?"

"Damu yako, baba. Inakwenda kichwani."

Akageuza kioo ili aone. Daktari Joha alionyesha kwa kalamu.

"Hapa ninapima unene wa ukuta wa mshipa. Kwa mtu mwenye mshipa mzuri, ukuta ni mwembamba, haufiki milimita moja. Wako umenenepa. Na huu upande wa kushoto, hiki kinundu ni utando. Kimebana njia, lakini hakijafika nusu. Kingebana zaidi tungezungumza juu ya upasuaji. Kwako wewe tutatumia dawa."

"Na mkono ulioniacha ni wa kulia."

"Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kulia. Ndiyo maana."

Eliakimu aliuliza swali ambalo alikuwa amelishona pamoja na mfuko.

"Sasa hiyo mashine inasema nitakufa lini?"

"Haijui tarehe ya mtu yeyote," daktari alisema. "Inaonyesha hatari tu. Na hatari inaweza kupunguzwa."

Eliakimu alikitazama tena kile kioo.

"Mwanangu, nisichokielewa ni hiki. Mnasema ugonjwa uko kwenye mishipa ya ubongo na moyo. Mbona mnatazama shingo?"

"Kwa sababu mshipa wa shingo uko karibu na ngozi. Ya moyo imejificha nyuma ya mbavu. Lakini yote inapitisha damu ileile, presha ileile, moshi uleule wa sigara. Shingo ikiwa imechakaa, tunapata wasiwasi na ya moyo pia."

"Aah," Eliakimu alisema. "Kumbe ni bambo."

"Bambo ni nini, baba?"

Akamweleza, hali amelala na ute shingoni. Gunia halifunguliwi lote. Unachoma mahali pamoja, unatoa punje chache, unajua hali ya ndani. Lea alimsikiliza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana sauti ya mume wake kuwa sauti ya dalali.

"Ila hili lenu halichomi," alimaliza. "Na dalali mwenye akili hakati shauri kwa bambo moja. Ananusa, anatafuna, anamwuliza na mkulima."

"Na sisi ni hivyohivyo," daktari alisema. "Ndiyo maana tumepima presha, sukari na mafuta ya damu. Hivyo ndivyo vipimo vya kwanza kwa kila mtu mzima. Cha shingo si cha kila mtu. Kinawafaa watu kama wewe, ambao mwili umeshatoa dalili."

Eliakimu alirudi Kibaigwa baada ya siku nne. Mambo hayakuwa mepesi. Alipewa dawa za presha, za kuzuia damu kuganda, na za kupunguza mafuta. Alizimeza kila siku na chai, na chai yenyewe sukari ilipunguzwa. Lea alipunguza chumvi na magadi. Wiki ya kwanza Eliakimu alisema mlenda umekuwa maji ya mvua. Lea alimwambia anywe hayo maji ya mvua na ashukuru. Sigara ilikuwa ngumu kuliko yote. Alipoitamani, alitafuna punje za mahindi makavu, na wapakizi wakamcheka. Aliacha kupanda bodaboda kwenda sokoni. Alitembea. Na hakuna tena aliyekandwa shingo katika nyumba ile.

Alifanya jambo jingine moja. Alikwenda Mpwapwa kwa mjane wa Marko na watoto wake. Alichukua ile karatasi. Aliwasomea tarehe, na akawasomea maneno ya nyuma. Mjane alilia sana, maana miaka miwili alikuwa anailaani mashine. Siku iliyofuata watoto wote wanne wa Marko walikwenda kupimwa presha. Mmoja, mwenye miaka thelathini na moja tu, alikutwa nayo.

Usifikiri hofu ilimtoka Eliakimu. Haikumtoka. Kila kijiko kilipogonga sahani, alitazama mkono wake. Kila asubuhi alitabasamu mbele ya kioo kuona kama mdomo uko sawa. Aliinua mikono miwili juu kuona kama mmoja unashuka. Aliwafundisha madalali wenzake kufanya hivyo. "Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, usikae kusubiri," aliwaambia. "Hata yakiisha, nenda. Mimi niliambiwa kwamba ile ilikuwa hodi."

Baada ya miezi sita alirudi Dodoma mjini pamoja na Lea. Presha ilikuwa mia na ishirini na nane kwa themanini. Daktari Joha alipitisha kifaa shingoni, akapima, akapima tena. Kisha akaandika, akatoa karatasi.

Kwenye korido watu walikuwa wamejaa benchi lilelile. Mzee mmoja, macho yamemtoka, alikuwa anautazama mlango mweupe. Eliakimu alimwona. Akasimama mbele yake, na hakuikunja karatasi.

"Mama Anitha," alisema, "soma. Soma kwa sauti, yote."

"Hapa? Watu wote hawa?"

"Hapahapa."

Lea alisogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Siku hizi kidole hakikuhitajika sana.

"Mzee Eliakimu. Utando haujaongezeka. Endelea na dawa kila siku. Rudi baada ya mwaka mmoja. Usikose."

Yule mzee wa kwenye benchi alikuwa amegeuza uso kuwatazama. Eliakimu alichukua karatasi, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti la kaka yake. Mfuko ulikuwa wazi. Vipande vya uzi wa magunia bado vilining'inia pembeni, kwa kuwa Lea alitaka kuving'oa na Eliakimu akakataa.

"Kaka," Eliakimu alimwambia yule mzee, "unamsubiri nani aingie nawe?"

"Nipo peke yangu."

Eliakimu aliketi kando yake.

"Basi sisi hatuna haraka," alisema.